Umejuaje?

Chuoni, kazi ikirudi, macho ya mwanafunzi hutafuta namba kwanza. Ikiwa 13 juu ya 20, anashusha pumzi, anaikunja karatasi, anaitia begini, na maisha yanaendelea. Ikiwa 7, anaikunja vilevile, ila kwa haraka zaidi ili jirani asione. Maneno aliyoyaandika mhadhiri pembeni hubaki na mhadhiri. Bweni letu zima tulikuwa hivyo. Tulichokiogopa ni sapu, yaani kurudia mtihani, na kudisko, yaani kuondolewa chuoni, na hakuna aliyewahi kudisko kwa sababu ya maneno ya pembeni.

Kwangu mimi hali hiyo iligeuzwa na habari za nyumbani, kwa hiyo niruhusuni nianzie huko.

Mimi ni mzaliwa wa Kwihara, kijiji kilichoko kilometa chache kutoka Tabora mjini, ukifuata njia ya vumbi jekundu yenye miembe mikubwa. Hapo ndipo ilipo tembe wanayoijia wageni, nyumba ya udongo yenye paa bapa na ua katikati, inayoitwa tembe ya Livingstone, yule msafiri Mzungu. Mtoto wa Kwihara huijua habari yake kabla hajalimudu jedwali la kuzidisha. Stanley, aliyetumwa kumtafuta, alimkuta mzee Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, wakaja naye huku Februari 1872, Machi Stanley akashika njia ya pwani, naye Livingstone akabaki akingoja wapagazi mpaka Agosti 25, alipoondoka kwenda kusini na asirudi tena akiwa hai. Nilipokuwa darasa la tano ningeweza kumweleza Mzungu yeyote habari hizo kwa pipi moja.

Basi mwaka wa tatu ulipofika, na kila mmoja akatakiwa kuchagua mada ya tasnifu, wenzangu walihangaika. Mimi niliandika siku hiyo hiyo: wapagazi wa Kwihara na njia ya misafara. Niliona nimepata mteremko. Nani angenihoji habari za kwetu?

Msimamizi wangu alikuwa mama mmoja wa idara ya historia, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akisahihisha kwa penseli. Sura yangu ya kwanza ilirudi ikiwa na mwandiko wake mdogo ulioinama, karibu kila aya. Pale nilipoandika kwamba nyumba iliyopo ndiyo alimolala Livingstone, alipiga mstari mwembamba na kuuliza: "Nyumba ile ile?" Nilipowaita wapagazi watumwa: "Mtumwa au kibarua?" Penginepo, tena na tena, neno moja tu: "Umejuaje?" Mwisho wa sura hapakuwa na namba. Palikuwa na sentensi fupi fupi, na ya mwisho ilisema nirudi baada ya kujibu, si baada ya kurekebisha.

Nilikasirika, nakwambia. Umejuaje? Nimezaliwa pale! Babu yangu amezikwa pale! Mtu wa Dar es Salaam, ambaye pengine Tabora ameiona kupitia dirisha la treni ya kwenda Kigoma, ananiuliza mimi nimejuaje?

Niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja, msichana wa Bukoba asiyependa kelele, alinichukulia karatasi akaanza kuzisoma kwa sauti, swali moja moja, kama karani anayemsomea mshitakiwa.

"Umejuaje kwamba wapagazi walikuwa watumwa?"

"Tumefundishwa. Sekondari."

"Na aliyekufundisha amejuaje?"

Nikanyamaza. Akaendelea na la pili. Tulipofika ukurasa wa nne nilikuwa nimekaa kitandani na kalamu mkononi, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona kwamba mambo niliyoyajua kwa hakika kabisa ndiyo niliyokosa pa kuyashikilia.

Kitu cha kwanza ninachomweleza mwanafunzi yeyote anayenisikiliza kimetoka usiku ule: mpe mtu mwingine akusomee masahihisho yako kwa sauti. Ukiyasoma mwenyewe unasikia umetukanwa. Akiyasoma mwenzako unasikia swali.

Siku mbili tatu baadaye nilikwenda ofisini kwake.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Umekuja kulalamika au kuuliza?"

"Kuuliza."

"Haya. Anza na moja."

Nikamwuliza, nikiondoa neno watumwa, niweke neno gani?

"Sijui," akasema. "Mimi siandiki tasnifu. Nimekuuliza tu kama walilipwa."

Ndipo nilipokwenda maktaba na swali lililokaa kichwani badala ya mada. Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Mwenye mada hutafuta vitabu vyote na kusoma utangulizi wake; mwenye swali hufungua faharasa na kutafuta neno "ujira". Nilikuta kitabu cha Stephen Rockel kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 2006, na humo nikawakuta watu wa kwetu kwa namna ambayo darasani hawakutajwa. Wanyamwezi walikuwa wakiingia mkataba wa kubeba mizigo kwa malipo. Walilipwa kwa nguo, merikani na kaniki, wakapewa na posho ya njiani. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, juu ya bega au kichwa, siku baada ya siku, miezi kadhaa hadi Bagamoyo. Mbele alikwenda kirangozi. Walijua kugoma na walijua kutoroka na mzigo wakipunjwa. Kijana ambaye hajafika pwani alitazamwa nyumbani kama mtoto. Watumwa nao walikuwemo njiani, wengine wakiuzwa na wengine wakibebeshwa mizigo, na hapo ndipo sentensi yangu nyepesi ilipogeuka kuwa aya ngumu. Hata wale watu aliokuwa akiwangoja Livingstone hapa Kwihara, 57, Stanley alikuwa amewaandika kazi huko pwani kwa mshahara. Nilikuwa nimeijua habari hiyo tangu utotoni bila kujiuliza maana yake.

Likizo ile nilipanda treni kurudi nyumbani. Kuna mzee wa ukoo wetu, ndugu wa marehemu babu, tukimwita Guku, yaani babu, kama wote. Nilimkuta anakula matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kivulini. Nikamwuliza watu wa zamani wa ukoo wetu walikwenda pwani kufanya nini. Akanijibu bila kunitazama: "Kutafuta nguo za kuolea. Kwani wewe chuo unatafuta nini?" Nilikuwa nimeishi naye kijiji kimoja miaka yote hiyo, na sikuwahi kumwuliza. Lilitakiwa swali la penseli kutoka Dar es Salaam.

Kuhusu nyumba, Madam alikuwa na sababu. Jengo analolipiga picha mgeni leo lilijengwa upya katika miaka ya 1950, kufuata umbo la lile la kale. Niliandika hivyo, nikaona haya kidogo kwa niaba ya kijiji, kisha nikaona kwamba sura imenoga zaidi: ni nani alitaka nyumba ile isimame tena, wakati ambao Tanganyika ilikuwa ikielekea Uhuru, na kwa nini nyumba ya mgeni ikakumbukwa na kambi za wapagazi zikawa mashamba ya mahindi na tumbaku?

Tangu hapo nikawa na daftari maalumu. Ukurasa wa kushoto nilinakili maoni kama yalivyo, bila kuyapamba. Chini yake niliyaandika upya kwa maneno yangu, yakiwa swali. Upande wa kulia nikaandika jibu, na mahali jibu lilipo: kitabu, ukurasa, mtu niliyezungumza naye. Maoni yaliyokataa kugeuka swali yalinionyesha kwamba sijayaelewa, na hayo ndiyo niliyokwenda nayo ofisini. Kwa hiyo sikuingia tena kwa Madam na sentensi ile ya wanafunzi wote, "Madam, sijaelewa ulitaka nini," ambayo humchosha mhadhiri kuliko kusahihisha kwenyewe. Niliingia na swali moja lenye namba ya ukurasa, nikatoka baada ya dakika chache, na foleni iliyokuwa nje ilinishukuru.

Kila niliporudisha sura, niliibandikia barua ya ukurasa mmoja mbele: hili nimelifanya hivi, hili nimeliacha kwa sababu hii, hili bado linanishinda. Watu wa stesheneri ya getini walinizoea; kijana wa pale alikuwa akiniuliza, "Dada, na ile barua ya mapatano?" Niligundua kwamba Madam alikuwa akiisoma barua kabla ya kazi yenyewe. Maoni yake yakaanza kubadilika. Alipoona nimejibu, aliuliza la ndani zaidi.

Nilizitoa pia kazi zangu za zamani, zile zilizokunjwa begini, za kozi mbalimbali, historia, Kiswahili, elimu, nikazitandaza kitandani. Wahadhiri wasiojuana, wengine wakiandika maneno mawili tu, walikuwa wakilalamikia kitu kilekile tangu mwaka wa kwanza: natoa dai, kisha narukia dai jingine. Mmoja aliandika "mfano?". Mwingine "thibitisha". Mwingine aliweka alama ya kuuliza tupu. Kila kazi niliichukulia kuwa kesi iliyokwisha, kumbe ilikuwa kesi moja iliyokuwa ikiahirishwa. Kama una karatasi zako za nyuma, zitafute leo, hata kama ziko chini ya godoro.

Kuna siku Madam alinipa kazi isiyokuwa ya kuandika. Alinituma nikatazame kwenye intaneti picha za shajara ya Livingstone ya mwaka 1871. Mzee alipokuwa Nyangwe, mashariki ya Kongo, karatasi na wino vilimwishia. Akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino aliojitengenezea kutokana na mmea, akiyakatiza maandishi ya chapa. Wino ule ulififia hata macho yakashindwa. Mwaka 2011 watafiti walioongozwa na Adrian Wisnicki walitoa picha za kurasa hizo zilizopigwa kwa mianga ya aina nyingi, na maneno yakaibuka. Habari hizo hizo, pamoja na mauaji ya sokoni Nyangwe ya Julai 15, 1871, Livingstone alizinakili baadaye katika jarida lake kubwa, ambalo wataalamu huliita Jarida la Unyanyembe, kwa jina la nchi yetu. Ndilo alilolifunga kwa lakiri na kumkabidhi Stanley kabla hawajaagana Machi 1872. Watafiti walipoyaweka maandiko mawili sambamba, hayakulingana. Mwenendo wa baadhi ya watu wake mwenyewe, ambao rasimu ya gazetini inautaja kwa ukali, katika nakala safi umelainishwa.

Nilirudi kwa Madam nikiwa nimechangamka, nikidhani ameniletea fundisho kwamba hata wakubwa hurekebisha kazi zao. Akatikisa kichwa. "Aliirekebisha bila mtu wa kumwuliza," akasema. "Tazama alichokiondoa."

Nimelitafakari hilo sana. Anayejisahihisha peke yake huondoa yanayomuumiza. Msomaji mwingine huweka kidole pale pale unapotaka kupita haraka. Na msomaji huyo si lazima awe profesa. Baada ya Livingstone kufa, Mei 1, 1873, shajara zake zilihaririwa na rafiki yake Horace Waller, zikatoka kitabu mwaka 1874. Waller hakuifanya kazi hiyo peke yake. Susi na Chuma, waliokuwa miongoni mwa waliobeba maiti kutoka kijijini kwa Chitambo, alikofia, hadi Bagamoyo, walipelekwa Uingereza wakaketi naye kijijini Twywell, akiwauliza yale ambayo daftari halikuyaeleza. Walitengeneza hata mfano wa kibanda alimofia bwana wao. Nadhani watu wengi wakishika kitabu kile hawajui kwamba kilipita mikononi mwa watu wa msafara kabla ya kufika dukani. Tasnifu yangu ilipata sura yake ya mwisho hapo.

Lakini asije mtu akadhani nasema mhadhiri ni msahafu. Mahali nilipoeleza paa la tembe kuwa ni bapa, la miti iliyofunikwa udongo, Madam aliandika: "Nyasi?" Hapo nilisimama. Katika barua yangu nilimweleza kwamba nimelala chini ya paa la namna hiyo, na kwa kuwa nilikwishajua kwamba kuzaliwa pale hakutoshi, nikamwekea na maelezo ya Stanley katika kitabu chake cha mwaka 1872, ambamo anaieleza nyumba aliyokaa Kwihara kwa kirefu. Alifuta swali lake kwa kifutio. Hakusema lolote, nami sikungoja aseme.

Kwihara yenyewe imeshuhudia ushauri ukikataliwa vizuri. Oktoba 1873, Susi na wenzake walipofika Unyanyembe na maiti, walimkuta Mwingereza, Luteni Cameron, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Akawashauri wamzike hapa hapa, maana njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Walimsikiliza, wakakataa, wakaendelea kubeba, na Februari 1874 walikuwa pwani. Ungewauliza kwa nini, wangekupa sababu. Mwanafunzi anayepuuza maoni kwa kuwa yamemuudhi hana sababu ya kukupa. Mwenye sababu aiandike, aweke na ushahidi, aipeleke. Sijakutana bado na mhadhiri aliyechukia barua ya namna hiyo, ingawa nasikia wapo.

Najua pia kuna wanaosoma haya wakisema: wewe ulipata bahati ya Madam. Kweli. Darasa la mwaka wa kwanza linaweza kuwa na watu mia kadhaa kwenye ukumbi mmoja. Mhadhiri gani ataandika maswali pembeni mwa kazi mia nne? Kazi za vikundi nazo zinafanywa na wawili, wengine wamepandisha majina mgongoni. Karatasi za mtihani wa mwisho hatuzioni tena. Kuna kozi niliyomaliza na neno moja tu, "Vizuri", na mpaka leo sijui kilichokuwa kizuri ni kipi. Katika hali hiyo mwanafunzi inabidi atafute maoni kama anavyotafuta bumu, ile pesa ya mkopo, likichelewa: kwa kufuatilia. Nenda na aya moja, usiende na kazi nzima. Muulize mhadhiri, "Katika aya hii, ni sentensi gani usiyoiamini?" Hata aliyechoka atakuonyesha moja. Na kama hapatikani, jikusanyeni watu watatu msomeane, kwa sharti kwamba anayesoma haruhusiwi kusema "iko poa". Desa, zile nakala za masomo, mnagawana kila siku. Masahihisho nayo hayana hatimiliki.

Binamu yangu anasoma Chuo Kikuu Huria akiwa kazini, hapa hapa Tabora. Yeye hana ukumbi wala bweni, na mhadhiri humfikia zaidi kwa maandishi. Nilipomwonyesha daftari langu aliniambia mambo hayo amelazimika kuyafanya tangu mwanzo, kwa sababu maoni ndiyo mwalimu pekee aliyemfikia mpaka nyumbani. Nilimwonea wivu kidogo.

Upande wa Kiswahili nako nilijifunza kutazama marekebisho: kulikuwa na mhadhiri aliyetuwekea mezani tafsiri mbili za mchezo mmoja wa Shakespeare, zote za Mwalimu Nyerere: ile ya mwaka 1963, na ile aliyoipitia upya na kuitoa 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Alikuwa Rais wa nchi wakati huo, mwenye kazi za kutosha, na aliwahi kuwa mwanafunzi na mwalimu hapa Tabora. Tulipewa saa moja tuorodheshe yaliyobadilika. Nilifurahi kuona jinsi ukumbi mzima ulivyoinama kimya, hata wale wa kiti cha nyuma.

Sasa nafundisha sekondari, historia na Kiswahili, nami ndiye mwenye kalamu. Ninasahihisha kwa penseli. Kwa Kidato cha Tano nimeanza utaratibu wangu: daftari linarudi na maswali pembeni bila namba, mwanafunzi anajibu chini yake, na namba anaipata siku tatu baadaye. Wiki ya kwanza walinong'ona kwamba Madam hajui kujumlisha. Sasa wengine wananijibu kwa ukali, na mmoja aliniandikia pembeni mwa swali langu, "Na wewe umejuaje?" Ilinibidi nirudi kwenye kitabu, kwa sababu sikuwa na hakika.

Mwalimu wa taaluma hajafurahia utaratibu huu, maana orodha ya alama inachelewa kumfikia, na Kidato cha Pili, chenye watoto sabini na kitu kwa mkondo, bado sijapata namna ya kuwafanyia hivyo. Hao bado napiga alama ya vema na kuandika namba. Muhula ujao nitajaribu na mkondo mmoja, swali moja kwa kila daftari, Jumamosi.